Rilei, mosfeti, swichi ya kukata positivu ama PLC: ipi iwashe solenoidi zako za haidroliki?

Mashine iliyonifanya nikae chini niandike hii yote ni ya kufinya matofali ya intaloki, iko kwa yadi moja nje ya Kisumu ukielekea Kakamega. Ina valvu ya koili mbili (ndizo solenoidi) za 24V, moja ya kushusha silinda na moja ya kupandisha, Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, ndiyo bongo, na katikati kuna ile moduli ya rilei ya bluu, swichi ya pointi inayovutwa na umeme, ambayo kila mtu anaijua. Siku moja saa tisa mchana programu ikasema zima, taa ndogo ya rilei ikazima kabisa, lakini silinda ikaendelea kushuka. Kijana aliyekuwa anasambaza udongo ndani ya moldi alikuwa ametoa mkono sekunde chache tu kabla. Tukazima pampu. Nikaibandua ile rilei na kisu nikaona pointi zimeshikana, katonye kadogo ka madini kameziunganisha, si kakubwa kuliko punje ya wimbi. Punje ya wimbi ingeondoka na mkono wa mtu.

Kwa hivyo sitalinganisha hizi njia kwa bei kwanza, ama kwa ipi ni ya kisasa. Nitauliza kila moja swali ambalo hiyo rilei ilinifundisha: ukiharibika, utaniachia silinda ikiwa wapi?

Kwanza pima koili yako

Chomoa ile plagi ya mraba yenye skrubu katikati, weka mita kwa omu, gusa pini mbili za koili (ya ethi ina alama yake, iache). Koili nyingi za valvu za saizi ya NG6, zile ndogo za kawaida kwa mashine zetu, zinakula kama wati 30. Ikiwa ni ya 24V utasoma kama omu 19, maanake ampea 1.25. Ikiwa ni ya 12V, kama ya trekta, utasoma karibu omu 5 hivi na inavuta ampea 2.5. Usiogope ukipata koili imechemka hadi huwezi kuishika, ni kawaida yake, na ikichemka omu zinapanda na karenti inashuka. Ndio maana valvu inayofanya kazi asubuhi na kusumbua mchana mara nyingi ina shida ya volti, si ya programu. Pima volti pale kwa plagi yenyewe koili ikiwa imewaka na imechemka, usipime kwa betri.

Sasa pini ya Uno inashauriwa isizidi miliampea 20, na 40 ndio mwisho kabisa kabla uichome. Koili ya 24V inataka mara sitini na kitu ya hiyo. Kwa hivyo lazima kuwe na kitu katikati, na hicho kitu kitakutana na tabia moja ya koili: haipendi kukatwa ghafla. Karenti iliyokuwa inapita inataka kuendelea kupita, ukifungua swichi koili yenyewe inapandisha volti hadi ipate njia, na bila dayodi (kipande kinachopitisha karenti upande mmoja tu) inaweza kufika mamia ya volti. Hiyo ndiyo inatoboa transista, inalamba pointi za rilei, na inafanya Arduino ijizime na kujiwasha bila mtu kuigusa.

Maswali ambayo kila njia itajibu hapa chini ni haya: mzigo (inabeba ampea za koili bila kuchemka?), ikifa (inakufa ikiwa imewasha ama imezima?), waya (ikichunika ikagusa chasi ya mashine, nini kinatokea?), kuamka (wakati bongo bado inaanza ama imekwama, koili iko vipi?), halafu spea na kasi. Hilo la waya watu hulisahau sana, na mashine ya haidroliki inatetemeka siku nzima, hosi inasugua waya, waya inasugua chuma.

Moduli ya rilei

Mzigo: Kwa juu imeandikwa 10A 30VDC, na hiyo ni kwa mzigo wa kawaida kama hita, si koili. Hata hivyo ampea 1.25 inaibeba bila shida kama umeweka dayodi kwa koili ya valvu. Angalia kitu kingine lakini: kila rilei yenyewe inakula kama miliampea 70 kwa 5V. Ukiwa na nne zimewaka ni 280, na ukizilisha kutoka kwa Uno ambayo inapata 12V kwa jeki yake, ile regyuleta ndogo inachoma karibu wati mbili, inachemka inajizima, na mashine inakuwa na ugonjwa unaokuja na kwenda. Zilishe na 5V yao peke yake, toa ile jampa ya JD-VCC ndio optokapla ifanye kazi yake ya kutenganisha.

Ikifa: Hapa ndipo kidonda kilipo. Stima ya AC inapita sifuri mara 100 kwa sekunde kwa hivyo cheche inajizima yenyewe. DC haipiti sifuri, cheche inavutika kama asali, inayeyusha pointi, na zikishikana koili inabaki imewaka. Tena rilei ina umri. Hizi ndogo zinahesabiwa kama mara 100,000 zikiwa na mzigo kamili, na mashine inayofinya tofali mbili kwa dakika kwa saa nane inapiga 960 kwa siku, kwa hivyo ni miezi mitatu na nusu tu ya kazi bila kupumzika. Kwa mzigo mdogo na dayodi nzuri inaishi zaidi ya hapo, lakini mtu wa matofali anatakiwa kuzihesabu rilei kama anavyohesabu oili, zinabadilishwa kabla zife.

Waya: Uko salama ukitaka, kwa sababu pointi za rilei unaweza kuziweka upande wa positivu. Waya ya kwenda kwa koili ikigusa chasi, rilei ikiwa imefunga, fyuzi inaruka basi. Watu wengi wanaiweka popote, usiwe mmoja wao.

Kuamka: Moduli nyingi zinawaka pini ikiwa chini, si ikiwa juu. Ukiandika pinMode ya OUTPUT kabla ya digitalWrite ya HIGH, kuna kanukta pini inakuwa chini na rilei inapiga tak, silinda inashtuka. Geuza hizo laini mbili, andika HIGH kwanza halafu pinMode. Ni kitu kidogo lakini nimeona mashine ikiruka kila stima ikirudi, na hapa kwetu mvua ya jioni ikianza stima inaweza kwenda na kurudi mara tatu kabla ya saa kumi na mbili.

Spea na kasi: Iko kila mahali, hata mtaani ukikosa Kisumu utaipata Nakuru, na fundi yeyote anaelewa mlio wake. PWM, yaani kuwasha na kuzima haraka sana ili kupunguza nguvu, haiwezi kabisa.

Na kuna jambo moja ambalo rilei inafanya vizuri kuliko wengine wote hapa, nalo ni kuzuia koili mbili kuwaka pamoja bila kutegemea programu. Positivu iingie kwa mguu wa kati (COM) wa rilei ya kwanza, upande wa kawaida-wazi uende kwa koili A, upande wa kawaida-imefungwa uende kwa mguu wa kati wa rilei ya pili, na kutoka upande wa kawaida-wazi wa hiyo ya pili kwa koili B. Sasa A ikiwaka, B haina umeme hata programu ikichanganyikiwa. Waya moja tu ya ziada.

Inamfaa: mwenye mashine ya mwendo wa polepole, valvu mbili tatu, ambaye anataka kitu ambacho fundi wa kijijini atakirekebisha, na ambaye ameweka kitufe cha dharura cha kweli (nitakirudia).

Neno moja kuhusu zile rilei za elektroniki, za boksi jeupe lenye taa nyekundu. Ikiandikwa DA mwishoni, ile ni ya AC peke yake. Ukiiwekea koili ya DC itawaka vizuri sana halafu haitazima tena, kwa sababu ndani yake kuna kitu kinachongoja stima ipite sifuri, na DC haipiti. Kwa DC unataka ya DD. Hii si ya kujaribu uone.

Mosfeti, kukata negetivu

Mosfeti ni transista inayofanya kazi ya swichi. Hii ndiyo njia ambayo mtu wa elektroniki huiendea haraka, na kwa nini asiende: haina mlio, haichakai kwa kuwashwa na kuzimwa, ni ndogo, ni bei rahisi.

Mzigo: Inategemea umenunua gani. Zile moduli ndogo za IRF520 zinauzwa kama za Arduino lakini IRF520 inataka volti 10 kwa geti (mguu wa kuiwasha) ndio ifunguke vizuri. Ukiipa 5V inafunguka nusu, inachemka, na ukiipa 3.3V ya bongo nyingine kama ESP32 ni bahati nasibu. Tafuta yenye L, kwa mfano IRLZ44N: kwa 5V ina omu 0.025, kwa hivyo ampea 1.25 inaitoa miliwati 40 hivi, haitaki hata kipande cha chuma cha kupoza. Kwa ESP32 bado iko pembeni, kwa sababu watengenezaji wanaihakikisha kuanzia 4V kwenda juu, kwa hivyo weka transista ndogo ama drajva ya geti katikati. Geti iwe na resista ya omu 100 hadi 220 kutoka kwa pini, na nyingine ya kiloomu 10 kutoka geti kwenda negetivu.

Dayodi ni yako kuiweka, haimo ndani. Iende sambamba na koili, ule mstari uangalie positivu. Ukiigeuza umetengeneza shoti. 1N4007 inatosha kwa kuwasha na kuzima koili ya 24V, kwa ile ya 12V naweka 1N5408 ya ampea 3, na kama unafanya PWM hizo zote ni polepole mno, weka ya Schottky ama UF4007. Dayodi ya kawaida inachelewesha valvu kurudi kwa sababu karenti inazunguka ndani ya koili ikififia, wakati mwingine makumi ya milisekunde. Kama mashine yako inahitaji kusimama papo hapo, ongeza zena (dayodi inayoanza kupitisha kinyume volti zikifika kiwango chake) ya 15V mfululizo na dayodi, zikitazamana kinyume. Mosfeti itaona 28 (24V ya gari ikichajiwa) jumlisha 15 na kitu, kama 44, na IRLZ44N inavumilia 55, kwa hivyo bado uko ndani.

Ikifa: Mosfeti ikichomeka mara nyingi inakuwa shoti, dreini na sosi, miguu yake miwili ya kupitisha karenti, zinaungana. Yaani inakufa ikiwa imewasha, kama ile rilei ya matofali, na hii haitoi hata mlio wa kukuonya.

Waya: Soma hapa polepole. Ukikata negetivu, upande mmoja wa koili una 24V saa zote, na ule mwingine unangoja mosfeti iupeleke chini. Kwa mashine ambayo chasi ni negetivu, trekta kwa mfano, ile waya ya pili ikichunika na kugusa chuma mahali popote, umeikamilishia koili njia. Silinda inatembea. Fyuzi haijui chochote kwa sababu karenti ni ya kawaida kabisa, Arduino haijui, programu yako nzuri haijui. Niliwahi kutafuta shida ya aina hii kwa treila ya miwa siku nzima nikidhani ni programu, treila inajiinua yenyewe ikipita kwa mashimo, kumbe waya imelala chini ya klampu ya hosi na imechunika urefu wa ukucha. Nilipoisukuma na bisibisi valvu ikapiga tak, nikaiachilia ikazima. Tangu siku hiyo kwa kitu chenye chasi ya chuma inayotembea sikati negetivu.

Kuamka: Nzuri sana ukiweka ile kiloomu 10. Pini ikiwa haijaamua, geti inavutwa chini, koili imezima. Usipoiweka, geti inaelea, na mosfeti inayoelea inaweza kuwashwa na kidole kilichopita karibu.

Spea na kasi: PWM inaiweza, valvu ya proposhono, ile inayofunguka kulingana na karenti, unaweza kuanza nayo (lakini hizo zinataka karenti ipimwe na kurekebishwa, si PWM ya kukisia, kwa sababu koili ikichemka karenti inabadilika na silinda inabadilisha mwendo). Zenye L hazipatikani kila duka huku kwetu, mara nyingi ni kuagiza Luthuli Avenue Nairobi zije na pasel ya matatu, na agiza tano.

Transista za Darlingtoni kama TIP122 ziko kwa familia hii, zinafanya kazi, ila zinabakiza volti moja hadi mbili kwao wenyewe. Kwa ampea 2.5 hiyo ni wati tatu nne za joto, na kwa 12V koili yako inapata kama 10.5. ULN2803 ina dayodi ndani na inafurahisha, lakini ni miliampea 500 kwa chaneli, na ukiwasha zote pamoja ni chini zaidi. Itumie kuwasha rilei, si koili ya haidroliki.

Inamfaa: mashine iliyokaa sehemu moja, waya ziko ndani ya bomba, 24V yake imetengwa na chasi, na mtu anayehitaji kasi ama PWM.

Swichi ya kukata positivu

Hapa ndani kuna ndugu wawili. Wa kwanza ni mosfeti ya P, kama IRF9540N, na transista ndogo ya kuivuta. Wa pili ni zile IC zenye akili zinazotumika kwa magari, kama familia ya PROFET ya Infineon, ambazo zina ulinzi wa shoti na joto ndani.

Mzigo: Zote zinabeba kwa urahisi. Ya P ina mtego mmoja, geti yake haivumilii zaidi ya 20V kutoka kwa sosi, kwa hivyo kwa mashine ya 24V ukiivuta moja kwa moja hadi chini unaitoboa siku ya kwanza. Weka zena ya 12V kati ya geti na sosi na resista ya kupunguza. Watu wengine wanatumia ile bodi ya BTS7960 ya kuendesha mota, nusu moja kwa koili moja, na inafanya kazi safi kwa 12V. Kwa 24V ya gari siipendi, kwa sababu jenereta ikichaji unapita 28 na ile bodi inaishia 27 na kitu.

Ikifa: Ya P inakufa shoti kama dada yake. IC yenye akili ni ngumu kuiua, inajizima ikizidiwa na joto ama shoti, na nyingi zina pini ya kurudisha habari kwa bongo kwamba koili imekatika ama imeshikana. Hiyo habari ni mali. Programu ikijua imesema zima na bado karenti inapita, inaweza kuangusha umeme wote.

Waya: Huu ndio ubora wake. Koili imefungwa kwa negetivu, swichi inapeleka positivu. Waya ikigusa chasi, koili inabaki imezima, na swichi ikiwa imewaka fyuzi inaruka ama IC inajikata. Kosa la waya linaishia kwa mashine kusimama, si mashine kutembea.

Kuamka: Resista ya kuvuta ikiwepo, iko sawa kama mosfeti ya kawaida. Kwa ya P ile resista iko kati ya geti na sosi.

Spea na kasi: Hapa ndipo inauma. Zile IC ni ndogo, zinakuja na miguu ya kubandika juu ya bodi, zinataka bodi iliyochorwa, na ikifa mbali na mjini fundi mwenye soldering iron ya kawaida hatakusaidia. Ya P unaipata kirahisi zaidi na inauzwa ikiwa na miguu mirefu. PWM ya polepole zinaiweza zote.

Inamfaa: trekta, treila, lori la kubinua, mashine ya miwa, chochote chenye betri na chasi moja ambacho kinatembea kwa barabara za mashimo.

PLC ama moduli za viwandani

Ukitembea kiwanda chochote cha sukari ukanda wetu, Chemelil ama Nzoia, hutakuta Uno kwa boksi la umeme, utakuta PLC, kompyuta ya viwandani ya kuendesha mashine, na kuna sababu.

Mzigo: Cha kushangaza ni kwamba pini za PLC si nguvu vile watu wanadhani. S7-1200, PLC ya Siemens, yenye matokeo ya transista inatoa ampea 0.5 kwa pini. Koili yako ya 1.25 haitoshei. Kwa hivyo hata hapa unaweka rilei nyembamba ya reli katikati, ama moduli ya ampea 2. Tofauti ni kwamba ile rilei inaingia kwa soketi, inachomolewa kwa dole gumba na mpya inaingia kabla chai ipoe.

Ikifa: Rilei ya katikati ina ugonjwa uleule wa kushikana. Lakini hapa unaweza kununua rilei za usalama, zile pointi zake zimefungwa pamoja kwa nguvu kiasi kwamba moja ikishikana nyingine haiwezi kudanganya, na mashine inakataa kuanza tena. Hiyo huwezi kuijenga na moduli ya bluu.

Waya na kuamka: Matokeo ya transista mengi yanakata positivu, na PLC ikisimama inazima matokeo yote isipokuwa umeiambia vingine. Imefikiriwa tayari.

Spea na kasi: Bei ni mara nyingi ya Uno, programu yake inataka mtu aliyesomea, leseni ya programu nyingine inalipwa. Lakini mtu huyo yupo Nakuru, yupo Kisumu, na miaka kumi baadaye atafungua boksi na kuelewa, jambo ambalo siwezi kuahidi kuhusu programu ya mtu mmoja iliyobaki kwa laptop yake.

Inamfaa: kiwanda, mashine inayoajiri watu kwa zamu, na mahali popote mkaguzi atakuja. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka mwenye mashine azibe sehemu za hatari, na haimuulizi ametumia bongo gani.

Chochote utakachochagua, hizi hazichaguliwi

Kitufe cha dharura kikate umeme wa koili kwa waya, si kwa programu. Waya ya positivu ya koili zote ipite kwa kitufe kwanza, ndio ifike kwa rilei ama mosfeti. Rilei ikishikana, mosfeti ikiwa shoti, Uno ikikwama, ukipiga kile kichwa chekundu koili zinakufa. Ile mashine ya Kakamega road ilikuwa nacho kitufe, kikubwa na kizuri, kimeunganishwa na pini 7 ya Arduino. Programu ndiyo iliyokuwa inakisoma.

Na ujue valvu yako inafanya nini ikikosa umeme. Ya springi inarudi katikati. Ile ya kufunga mahali, yenye koili mbili bila springi, inabaki ilipokuwa, kwa hivyo kukata koili hakusimamishi silinda hata kidogo, hapo lazima kitufe kizime na pampu pia ama kifungue presha irudi tangi. Na hata ya springi haibebi kitu kizito kilichoning'inia, oili inavuja polepole kupita spuli (chuma kinachoteleza ndani ya valvu) na treila inashuka. Kitu kikiwa juu ya mtu kinataka valvu ya kuzuia karibu na silinda, na kipande cha chuma cha kukiegemeza kabla mtu aingie chini.

Fyuzi kwa kila koili, ya ampea 2 kwa 24V, ya 4 hivi kwa 12V. Negetivu ya koili iende kwa betri na waya yake nene, ya bongo na yake nyembamba, zikutane mahali pamoja tu. Washa wochidogi ya maikrokontrola, ile inayoianzisha upya ikikwama, na pini zote zianze zikiwa zimezima. Kama mtu anaweka mkono kwa moldi, weka vitufe viwili vilivyo mbali ambavyo lazima avishike kwa mikono yote miwili ndio silinda ishuke.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama ni mradi wa chuo ama jaribio mezani, presha ndogo, hakuna mtu karibu, mosfeti yenye L na dayodi itakufundisha mengi kwa hela kidogo, na ukiiunguza unaweka nyingine.

Kama ni mashine ya matofali ama ya kukamua mafuta ya alizeti, imesimama sehemu moja na inapiga mara mia kadhaa kwa siku, rilei zinazokata positivu na ule mpango wa kuzuiana ni chaguo la haki, ukiwa na tarehe ya kuzibadilisha imeandikwa ndani ya mlango wa boksi. Ikipiga maelfu kwa siku, hama uende mosfeti, lakini uipe fyuzi na kitufe cha waya maana nayo inakufa ikiwa imewasha.

Kama ni trekta, treila ama lori, kata positivu. Ukiweza kupata IC yenye ulinzi vizuri, usipoweza ya P na zena yake, na ukikosa zote mbili hata rilei ya gari ya 40A kwa soketi yake ni afadhali kuliko mosfeti nzuri iliyowekwa upande wa negetivu.

Kama una valvu ya proposhono, hakuna kati ya hizi inayokutosha peke yake, nunua kadi ya valvu hiyo inayopima karenti na uipe ishara kutoka kwa bongo yako.

Kama kuna watu wa zamu na mikono yao inaingia ndani ya mashine, PLC na rilei ya usalama, na Uno ibaki ya kuhesabu matofali. Ndivyo tulivyoifanya ile ya Kakamega road mwishowe. Yule kijana ndiye anayepiga vitufe viwili sasa, na mara ya kwanza silinda iliposimama baada ya yeye kuachilia kimoja tu, alikiachilia na kukishika tena mara tano sita akiitazama, kabla akubali kurudi kwa udongo.